Uingereza: sababu gani serikali hailipi kofia ya kunyoosha kichwa cha mtoto?

Nchini Uingereza, wazazi wanaoona kichwa cha mtoto wao kimebapa upande mmoja wanapata jibu lile lile kwenye hospitali za serikali: kofia ya kunyoosha kichwa hailipwi na NHS, shirika la afya la serikali. Mwenye kuitaka anaenda kliniki ya kibinafsi, na bei inaweza kupita pauni 2000. Asiye na franga anabaki na wasiwasi wake.

Ni ubahili? Si hivyo tu. Mwaka 2014, watafiti wa Uholanzi walitoa matokeo ya watoto 84 wenye tatizo hilo. Nusu walivalishwa kofia miezi sita, saa 23 kwa siku. Wengine waliachwa wakue tu. Walipofika miaka miwili, waliopona kabisa walikuwa 26 kwa 100 upande wa kofia, na 23 kwa 100 upande wa pili. Tofauti hiyo ni kama hakuna. Tena wazazi wote wa watoto wenye kofia walitaja usumbufu: jasho, harufu mbaya, ngozi kuwasha, mtoto kukataa kuivaa.

Lakini watoto wenye vichwa vilivyobapa sana hawakuingizwa katika uchunguzi huo. Kwa hao, serikali inakataa bila jibu kamili mkononi, na hapo wazazi wanaolalamika wana haki.

Tatizo lenyewe liliongezeka kwa sababu njema. Tangu 1991 Waingereza wanaambiwa walaze watoto chali, na vifo vya ghafula vya watoto usingizini vilipungua sana. Hakuna munganga atakayeshauri kurudi nyuma kwa ajili ya uzuri wa kichwa. Dawa ya kwanza haina bei: mtoto akiwa macho, alazwe kifudifudi mbele ya mzazi, abebwe, ageuzwe upande. Mama wa Bukavu anayebeba mtoto mgongoni anafanya hivyo kila siku bila kuambiwa.

Hatari iko kwingine. Kuna watoto ambao mifupa ya kichwa imeungana mapema kupita kiasi, na ubongo unaweza kukosa nafasi. Hao wanahitaji upasuaji, na huo NHS inaulipa. Kwa macho ya mzazi, hali hizo mbili zinaweza kufanana. Kwa hiyo munganga wa kuzitofautisha, ambaye huko anaonwa bure, ana faida kuliko kofia ya pauni 2000.