"Mali Ikishauzwa Hairudishwi": Kauli ya Nani?

Yako maneno matatu yanayopigwa mhuri katika stakabadhi za wafanyabiashara wengi nchini: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Mnunuzi huyasoma, huinamisha kichwa na kwenda zake, akidhani kuwa hiyo ndiyo sheria ya nchi. Sivyo hata kidogo. Hiyo ni kauli ya muuzaji, na lazima ihojiwe.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa Kalenga, nje kidogo ya mji wa Iringa. Amekopa katika chama cha akiba na mikopo, na makato yatautafuna mshahara wake kwa miaka. Anashuka Dar es Salaam kununua gari lililokwisha kutumika Japani. Rangi inang'aa, injini imeoshwa, na kipima mwendo kinaonyesha kilomita chache. Wakati wa kurudi, katika kona za Mlima Kitonga, maji yanachemka. Fundi akiifungua injini anakuta ufa wa zamani uliozibwa kwa gundi. Gari limekufa, lakini deni li hai.

Je, anaweza kulirudisha? Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, tuliyoirithi kwa mkoloni naye akaiiga sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, haimtupi mnunuzi. Inamtaka mfanyabiashara auze mali yenye ubora unaostahili, na mali isiyofikia sharti hilo yaweza kukataliwa. Lakini milango yake ni myembamba. Kasoro ambayo mnunuzi aliyelikagua gari alipaswa kuiona haihesabiwi. Aliyekaa na mali kupita muda wa kiasi bila kumwarifu muuzaji kuwa anaikataa, huhesabiwa ameikubali, naye hubakiwa na dai la fidia tu. Muda huo wa kiasi ni siku ngapi? Sheria haisemi. Tena inaruhusu pande mbili zikubaliane kuyaondoa masharti hayo, na hapo ndipo mhuri ule unapotafuta meno.

Waingereza wenyewe wamekwisha kuiacha njia hiyo. Sheria yao ya mwaka 2015 inampa mlaji siku 30 za kuirudisha mali yenye kasoro, gari likiwemo, na kudai fedha zake. Kwetu, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumhadaa mlaji, na kurudisha nyuma kipima mwendo ni hadaa dhahiri. Lakini mlaji asiyeijua sheria ataidai vipi?

Watakuwepo wanaosema kuwa tukifungua mlango huu, watu watapeleka magari harusini Jumamosi na kuyarudisha Jumatatu. Hoja hiyo haina uzito. Hatumtetei aliyebadili mawazo, wala aliyeligonga gari mtini. Tunamtetea aliyefichwa ubovu akatozwa bei ya uzima. Mfanyabiashara mwaminifu hana cha kuogopa.

Watu wa Kalenga wanajua thamani ya haki isiyosimamiwa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliagiza fuvu la Mtwa Mkwawa likabidhiwe katika miezi sita. Lilifika Kalenga mwaka 1954. Maandishi peke yake hayarudishi kitu.

Kwa hiyo Bunge litaje idadi ya siku, na mhuri ule ukose nguvu mbele ya kasoro iliyofichwa. Muuzaji aandike katika stakabadhi ubovu wote anaoujua. Maofisa biashara wa halmashauri wakague stakabadhi hizo kama wanavyokagua leseni. Mnunuzi naye aende na fundi wake kabla ya kulipa, na akiona kasoro aache kulitumia gari, amwarifu muuzaji kwa maandishi siku hiyo hiyo.

Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria zetu. Walimu na watumishi wa umma, wajibu wa kuwasomea wananchi sheria hii ni wetu. Mwananchi anayeijua hatainamisha kichwa mbele ya mhuri.