Mnatuambia Twende na Kadi. Kadi Ipi, Tunduma?



Juzi nilikaa kwenye ukumbi wa hoteli moja hapa Mbeya nikimsikiliza bwana mmoja kutoka Dar, suti imenyooka, akitufundisha waandishi habari ya "uchumi usiotegemea fedha taslimu". Kila alipotaja kadi alituonyesha picha ya mzungu anashuka kwenye meli ya kitalii, kadi mkononi, meno yote nje. Nikanyoosha kidole. Mheshimiwa, nikamwuliza, mama anayetoka Mwanjelwa kufuata vitenge Nakonde, hiyo kadi anaichomeka wapi? Ukumbi ukacheka. Bwana akasema swali zuri sana, tutalirudia baada ya chai.

Baada ya chai tukaitwa mmoja mmoja kusaini posho. Ilikuwa kwenye bahasha. Taslimu.

Basi nalirudia mwenyewe.

Huyo mzungu wa kwenye picha hana shida tunayoizungumzia. Akipanda meli anapewa kadi ya humo humo, soda anayokunywa inaandikwa kwenye hesabu yake, analipa mwisho wa safari. Akishuka Zanzibar au Mombasa anakaa saa chache, na mashine ikimkatalia anarudi kulala kwenye chumba alichokwisha kulipia. Mama wa Mwanjelwa mashine ikimkatalia analala stendi. Halafu tunafundishwa kwa picha moja!

Mimi yalinikuta. Miaka michache iliyopita nilitoka nyumbani Iringa, nikalala Mbeya, kesho yake Tunduma, nikavuka kwa miguu kuingia Nakonde. Nilikuwa kijana wa kisasa, mfukoni nina shilingi za soda tu na kadi inayong'aa. Ilikuwa Jumamosi. Mashine ya kwanza haikuwa na mtandao. Ya pili ikanguruma, ikatafakari, ikanirudishia kadi bila hata kwacha moja, na dakika hiyo hiyo simu ikalia: ujumbe kwamba fedha zangu zimetolewa. Niliporudi Mbeya benki yangu ikasema tatizo ni la wenzetu wa ng'ambo. Nikapiga simu ng'ambo, nikaambiwa tatizo ni la benki yako. Zilirudi baada ya wiki tano, zikiwa zimepungua, na mpaka leo hakuna aliyenieleza kilichokatwa ni nini.

Siku ile nilisaidiwa na vijana wa kubadilisha fedha, wale tunaoambiwa kila siku tuwaogope. Na kuogopwa wengine wanastahili, sitawapaka mafuta. Wa kwanza alinihesabia kwacha kwa kasi ya karata tatu, na noti mbili amezikunja katikati ili kila moja ihesabiwe mara mbili. Nilishtuka nikiwa nimeshampa shilingi zangu zote, akawa ameshayeyuka kwenye malori. Ni mama mmoja mwenye kiti cha plastiki na mkoba kifuani aliyeniita: "Mwanangu, umelizwa eh? Kaa hapa." Akaniambia nimpigie mtu wa nyumbani anitumie pesa kwenye laini yake ya Tanzania. Ujumbe ulipoingia akanihesabia kwacha polepole, akanipa nihesabu tena. Kisha akaniuliza naelekea wapi, nikamwambia kuna jamaa yangu ananingoja Mpika, nimlipe. Akatoa simu ya pili, yenye laini ya Zambia, akamtumia huko huko.

Tafakarini hapo kidogo. Simu mbili, kiti cha plastiki, na imani. Mama huyu amefanya kwa dakika tano kile ambacho taasisi zetu zinakifanyia warsha. M-Pesa imeingia Tanzania mwaka 2008. Mwaka 2015 ikawa mtu anaweza kutuma kutoka M-Pesa ya Vodacom hapa kwenda M-Pesa ya Safaricom kule Kenya, na sote tukapiga makofi. Lakini mkulima wa viazi wa Mbeya na mfanyabiashara wa vitunguu wa Iringa biashara yao haipiti Namanga tu. Ipo pia ya kushuka kusini.

Na huku kusini ndiko tulikosahaulika. Kuanzia mwaka 1919 mpaka 1966 palikuwa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, shilingi moja inatumika Kenya, Uganda na kwetu. Jumuiya ya Afrika Mashariki inataka kuirudisha ndoto hiyo: itifaki ilisainiwa Novemba 2013, sarafu moja ikaahidiwa mwaka 2024, sasa imesogezwa hadi 2031. Sawa, tungoje. Lakini hata ikija kesho asubuhi, Zambia na Malawi hazimo kwenye Jumuiya hiyo. Wao wako COMESA, sisi tulijitoa mwaka 2000. Tunakutana SADC, ambayo tangu 2013 ina mfumo wake wa malipo, lakini ni wa benki kwa benki, na ulianza kwa randi ya Afrika Kusini. Mwambie mama wa Mwanjelwa habari ya randi akushangae!

Matokeo yake ni kwamba mtu anayekaa kilomita mia na kidogo kutoka Zambia anapofuata njia "sahihi" anaishia kununua dola kwanza, kisha anaiuza apate kwacha. Chukueni mfano wa hesabu tu. Una shilingi 300,000, na kila ukibadilisha unapoteza asilimia 3. Ukinunua dola zimebaki za 291,000. Ukiziuza upate kwacha zimebaki za 282,270. Shilingi 17,730 zimeyeyuka kabla hujanunua hata kitenge kimoja, na dola zenyewe ukiwa nazo ndogo ndogo au za zamani unapunguziwa tena au zinakataliwa kabisa. Kadi nayo mara nyingi hupita njia hiyo hiyo ya dola kimya kimya, na juu yake kuna ada ya benki yako na ada ya mwenye mashine. Kuna na mtego mwingine: mashine inakuuliza kwa upole, tukukate kwa sarafu ya nyumbani kwako? Kataa. Bei hiyo wameipanga wao, na hawakuipanga kwa kukupenda.

Ukishuka Kasumulu kuingia Malawi, mambo ni mengine kabisa. Kwanza jina. Huko nako fedha ni kwacha, maana yake kumekucha, neno la wapigania uhuru. Zambia waliichukua mwaka 1968, Malawi mwaka 1971. Jina moja, thamani mbingu na ardhi: mwaka 2025 kwacha moja ya Zambia ilikuwa sawa na makumi ya kwacha za Malawi. Mgeni anayepita mipaka yote miwili kwa wiki moja asipotenganisha mifuko atalia. Zambia wenyewe waliondoa sifuri tatu Januari 2013, na mwaka 2025 wakatoa noti mpya tena, hadi ya kwacha 500. Kila noti zinapobadilika mjanja anapata mwaka wa mavuno, kwa sababu mgeni hajui ipi imekufa na ipi iko hai.

Malawi walishusha thamani ya fedha yao kwa asilimia 44 Novemba 2023, kutoka karibu kwacha 1,180 kwa dola hadi 1,700. Mwaka 2025 bei ya benki ilikuwa bado inazunguka kwenye 1,750, na mtaani dola iliuzwa zaidi ya mara mbili ya hiyo. Mnaona kazi ilipo? Aliyetumia kadi, mtii wa sheria, alilipa kwa bei ya benki, na sokoni akakuta bidhaa zimepangwa kwa bei ya mtaani. Aliyebadilisha kichochoroni alipata fedha yenye thamani na kosa la jinai pamoja. Yule bwana wa slaidi hakuligusa hili hata kwa bahati mbaya.

Najua watakachonijibu. Watasema fedha haramu, watasema utakatishaji. Sikatai, mpaka wa malori una mengi. Novemba 2018 maduka ya kubadilishia fedha yalivamiwa Arusha, mwanzoni mwa 2019 ikawa Dar, mengi yakafungwa. Na tangu Machi 28, 2025 ni marufuku kuuziana bidhaa na huduma hapa nchini kwa fedha za kigeni. Shilingi iheshimiwe, naunga mkono kwa mikono miwili. Ila ukifunga mlango wa mbele lazima uniambie napita wapi. Kijana wa Tunduma hakuacha kubadilisha fedha kwa sababu duka la Arusha limefungwa.

Ninachodai hakihitaji warsha. Pale Tunduma na Kasumulu wekeni ubao mkubwa, Kiswahili, bei ya shilingi kwa kwacha ya leo, ibadilishwe kila asubuhi. Yule mama na wenzake waandikisheni kwa ada wanayoiweza, wapeni kizibao chenye namba, ili anayekunja noti ajulikane na asiyekunja asifukuzwe naye. Benki inayonikata fedha ambazo mashine haikutoa ipewe siku za kuzirudisha, zikipita ilipe faini, na isiruhusiwe kusema "wenzetu wa ng'ambo". Na laini ya simu ya Mbeya iongee na ya Nakonde bila kumpitia mtu mwenye simu mbili mkononi.

Jumamosi naenda tena. Nimebeba shilingi, nyingine kwenye soksi, na mfuko wa kwacha za Zambia uko kushoto. Yule bwana wa suti akitaka tuongozane Coaster inaondoka alfajiri, ila aje na chenji, konda hapokei kadi.