Gari Si Kabati la Bastola

Wasee wa Naka, Free Area, Teachers, na hasa nyinyi wa 58 mlionizoea kwa stori za matatu na mapenzi: leo niko na jambo zito kidogo. Nivumilieni.

Kabla nianze kupiga video, nilikuwa naosha magari. Kibanda chetu kilikuwa hapa hapa 58, hatua chache kutoka barabara kuu ya Nairobi. Jumamosi moja ikaletwa gari kubwa nyeupe. Mwenyewe akashuka, akasema, "Vijana, hiyo isuguliwe ndani na nje, niko hapo kwa nyama." Akaenda zake. Mwenzangu, kijana wa miaka 17, akainama kutoa kapeti ya upande wa dereva. Akainuka na bastola mkononi, anacheka. "Oneni mguu wa kuku!"

Kidole chake kilikuwa pale ambapo kidole hakifai kuwa.

Mdosi wetu hakupiga kelele. Alimwongelesha polepole, kama mtu anayebembeleza mtoto: "Geuza mdomo uangalie ukuta. Sawa. Toa kidole. Sasa weka chini." Ikawekwa chini. Hakuna aliyeumia. Mwenyewe alipoitwa alikuja akichokonoa meno, akasema, "Ala! Kumbe niliiacha hapo?" Kisha akatupa mia tano ya soda.

Mia tano. Tulikuwa watu watano hapo, na kila mmoja alipewa soda kwa kutokufa.

Tangu siku hiyo, mtu akinionyesha kiuno chake akiringa ati yeye ni "licensed", simuulizi aliipata aje. Namuuliza swali moja tu: ukiendesha gari, inakaa wapi?

Najua kwa nini watu wanaitafuta. Juni 2022, wanawake waliuawa majumbani mwao kule Mawanga, na Nakuru nzima ikaanza kufunga milango saa kumi na mbili. Kuna wafanyabiashara wanaosafiri na pesa za viazi kutoka Molo usiku. Hiyo hofu si ya kuchekwa. Lakini Kenya si Marekani. Katiba yetu haikupi haki ya kuwa na bunduki. Ni ruhusa unayopewa na Bodi ya Leseni za Silaha, na inaweza kuchukuliwa. Desemba 2018, Matiang'i akiwa waziri wa usalama, waliokuwa na leseni wote waliamriwa warudi wakakaguliwe upya. Na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamtaka mwenye silaha aitunze isipotee, isiibwe, wala isifikiwe na mtu asiyeruhusiwa. Mtoto wa miaka 17 mwenye kitambaa cha kuoshea gari ni mtu asiyeruhusiwa.

Sasa tuangalie mahali watu wanaziweka.

Chini ya kiti. Hapa ndipo wengi hukosea. Ukifunga breki ghafla pale Salgaa, chochote kilicho chini ya kiti kinateleza. Kinaweza kwenda mbele kikaingia chini ya breki yenyewe. Kinaweza pia kwenda nyuma. Aprili 2016, huko Milwaukee, Marekani, mama mmoja alikuwa anaendesha gari la mpenzi wake, ambaye alikuwa mlinzi. Bastola ikateleza kutoka chini ya kiti cha dereva. Mtoto wake wa miaka miwili, aliyekuwa nyuma, akaiokota. Risasi ikapita kwenye kiti ikamuua mama yake. Miaka miwili, jamani. Huyo mtoto hata viatu hajajua kuvaa.

Kwa dashibodi au mfuko wa mlango. Gari likiibwa, nayo imeenda. Ukienda kwa fundi, ni yake. Ukimpa mtu wa kuegesha ufunguo, ni yake pia.

Kwa begi. Wewe unakaa Nakuru na hujui begi hunyakuliwa vipi dirisha likiwa wazi kwa jam?

Mfukoni pamoja na funguo na sarafu. Kitu kikiingia kwenye kifyatulio wakati unakaa, utajua hujui.

Mguuni, juu ya kifundo. Kwenye sinema inapendeza. Lakini ukiwa umefunga mshipi, jaribu kushika soksi yako bila kugonga kichwa kwa usukani.

Begani, chini ya kwapa. Nyingi za aina hiyo hulala, mdomo ukiangalia nyuma. Nani amekaa nyuma? Bibi yako na watoto.

Inabaki kiunoni, ndani ya ala ngumu iliyofunika kifyatulio chote, kwa mshipi wa suruali usiolegea. Kama ni lazima uibebe, hapo ndipo mahali pake, na hapo pia pana kasoro. Video nyingi mnazotazama ni za Wamarekani, na usukani wao uko kushoto. Kwetu uko kulia. Mshipi wa gari unashuka kutoka bega la kulia, unapita juu ya nyonga ya kulia, unafungiwa kushoto. Kwa hivyo bastola ya kulia imefinywa kati ya mshipi, kiti na mlango. Ukiiweka kushoto, inagongana na pale mshipi unapofungiwa. Ukiiweka mbele, ukikaa inaelekezwa pajani, na pengine kwa kitu unachokipenda zaidi ya paja.

Umeona? Hakuna mahali pazuri kabisa. Ndiyo maana watu wanachoka, wanaivuta, wanaisukuma chini ya kiti "kidogo tu", halafu wanaisahau. Kila unapoitoa na kuirudisha ndipo ajali hutafuta nafasi. Ikikubana, toa ala na bastola pamoja, nyumbani, uifungie kabatini. Na kama jioni una mpango wa kunywa, iache huko huko. Kulewa ukiwa umebeba silaha ni kosa.

Na tuambiane ukweli: wanaoteka magari huja umesimama, umefunga mshipi, dirisha liko wazi, na wao bunduki tayari iko mkononi. Yako iko chini ya shati. Watakupekua. Wakiipata, umewaongezea moja. Small Arms Survey, watafiti wa Geneva, walikadiria mwaka 2017 kwamba raia wa Kenya wana silaha kama 750,000, na zilizosajiliwa ni 8,136 pekee. Kila bastola inayoibwa kwa dashibodi inahama kutoka kundi dogo kwenda lile kubwa. Ikirudi, itarudi kwa mtaa, na huenda ikaanza na sisi tunaotembea kwa miguu.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: kama huwezi kukaa na bastola mwilini safari nzima, kutoka nyumbani hadi kurudi, basi hujafika kiwango cha kuibeba. Iache kabatini. Leseni inasema umeruhusiwa. Haisemi uko makini.

Na nyinyi msio nayo, ambao ndio wengi, sikizeni. Ukiipata kwa gari unaloosha, unalotengeneza au ulilopewa lifti, usiiguse. Usipige picha ukiwa umeishika ndio upate likes. Rudi nyuma, ondoa wenzako, mwite mwenyewe. Asipopatikana, piga 999 au 112. Na ukipanda gari la msee anayejisifu ako nayo, una haki ya kuuliza iko wapi. Akisema "hapo chini", shuka. Matatu ya kurudi 58 haikosekani.

Yule mwenzangu siku hizi ana gari lake la kazi ya teksi, na mtoto wa miaka miwili. Wiki jana nilipanda gari lake, nikaona kabla hajawasha injini anainama, anapitisha mkono chini ya kiti chake. Nikamuuliza anatafuta nini. Akacheka kidogo, akasema hakuna, ni mazoea tu.