Mafuta ya Kucha: Yadondoshwe, Yasichovywe



Wasomaji wetu wapenzi, safu ya juma hili inapanda bara. Familia nyingi za pwani leo zina mabinti na wajukuu walioolewa, wanaosoma au wanaofanya kazi Kitengela, mji ulio kilomita 30 hivi kusini ya Nairobi, na wengine wamesogea mbele zaidi kupitia Isinya hadi mji wa Kajiado. Kandokando ya barabara ya Namanga saluni zimeenea, na katika meza ya fundi wa kucha hapakosi kichupa cha mafuta. Kichupa hicho ndicho tunachotaka kukizungumzia, kwa kuwa watu hukagua mkasi na taulo, nacho hupita bila kuulizwa.

Kwanza tuseme kwamba mafuta hayo si anasa. Hewa ya Kajiado ni kavu, vumbi ni jingi, na maji ya visima virefu mara nyingi huwa na chumvichumvi. Mwanamke anayetawadha mara tano kwa siku, akafua na kuosha vyombo, huona ngozi ya vidole ikikakamaa na kuchanika pembeni mwa kucha. Tone la mafuta ya nazi au ya lozi hulainisha ngozi hiyo na kuizuia isipasuke. Kwa akina mama wasiopaka rangi ya kucha kwa ajili ya swala, kukata kucha, kuzisugua kwa tupa na kuzitia mafuta ndiyo huduma yote wanayoifuata saluni.

Sasa tuangalie mahali mafuta yanapokwenda. Penye shina la ukucha pana kijingozi chembamba kilichogandamana na ukucha wenyewe. Wengi hukiona uchafu wa kuondolewa, kumbe kazi yake ni kuziba. Ndicho kinachozuia maji na vijidudu visipenye hadi kwenye chimbuko la ukucha, lililofichika chini ya ngozi. Ukucha wa mkono hukua milimita 3 hivi kwa mwezi, na huchukua takriban miezi 6 kujitengeneza upya wote. Kwa hiyo madhara yakifika kwenye chimbuko, mwenye kidole hukaa nayo muda mrefu. Madaktari wa ngozi hushauri kijingozi hiki kisikatwe kabisa. Kilainishwe kwa maji ya uvuguvugu, kisha kisukumwe nyuma taratibu. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa umekwisha kuzibwa na Mola, na sisi ndio tunaoufungua.

Mafuta huwa ya mwisho katika huduma. Hayawezi kutangulia, kwa sababu rangi na jeli hazishiki penye mafuta. Ina maana kwamba yanafika baada ya ngozi kusukumwa, kusuguliwa na pengine kukatwa, wakati imejaa vijeraha ambavyo jicho halivioni. Brashi ikipita juu ya vijeraha hivyo, huzoa maganda ya ngozi, majimaji, na mara nyingine chembe ya damu. Kisha inarudishwa chupani, na kifuniko kinafungwa. Mteja wa pili anapakwa kwa brashi hiyohiyo, na wa kumi vilevile. Mkasi wa chuma unaweza kusuguliwa kwa sabuni na kulowekwa katika dawa ya kuua vijidudu. Chupa ya mafuta iliyokwisha kuchovywa haina namna ya kuoshwa.

Kuna jambo jingine ambalo sisi wa pwani hatukulizoea. Mafuta ya nazi huganda joto linaposhuka chini ya nyuzi 24 hivi. Mombasa au Lamu ni nadra kuyaona yameganda, lakini Kitengela asubuhi za Juni hadi Agosti huwa magumu kama samli. Hapo fundi huyachota kwa kidole kutoka koponi, akakipaka kidole cha mteja, akarudi kuchota tena. Dawa yake ni nyepesi: kichupa kiwekwe katika bakuli la maji ya moto kwa dakika chache, mafuta yayeyuke, yadondoshwe.

Mafunzo haya si mageni kwetu. Imepokewa katika Hadithi sahihi kwamba Mtume (s.a.w.) alimwagiza anayeamka usingizini asitumbukize mkono wake chomboni mpaka auoshe mara tatu, kwa kuwa hajui mkono huo ulilala wapi. Na katika nyumba zetu mgeni hanawishwi kwa kuchovya mkono katika beseni walilochovya wenzake. Humiminiwa maji kwa birika, na yaliyokwisha kutumika huangukia bakulini. Kilicho safi hushuka kutoka juu, na kilichogusa mkono hakirudi kilikotoka. Kanuni ya mafuta ya kucha ni hiyohiyo.

Kwa utendaji, basi, iwe hivi. Fundi na mteja wanawe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Maji yakiwa ya mtungi, kata na beseni vyatosha, bora yamiminwe. Mafuta yawe katika chupa yenye kimpira cha kudondoshea. Tone moja liachiwe kila ukucha kutoka juu, na ncha isiiguse ngozi. Ikigusa, isirudishwe chupani kabla ya kuoshwa na kukaushwa. Kisha mteja ajisugue mwenyewe kwa kidole chake kisafi. Ambaye hana chupa ya namna hiyo amimine kiasi kidogo katika kisahani safi, apake kwa kijiti chenye pamba, na akimaliza atupe kijiti pamoja na mafuta yaliyobaki. Hata kama ni robo kijiko, yasirudishwe chupani. Na penye damu, uvimbe au usaha, mafuta yasitiwe kabisa siku hiyo.

Mtu aweza kuuliza: ni tone tu, lina madhara gani? Madhara ya karibu ni ule uvimbe wa kidole ambao wazee wetu waliuita kaka: pembe ya ukucha huwa nyekundu, hupwita usiku kucha, kisha hutunga usaha. Fangasi nao huhama kutoka ukucha hadi ukucha, na matibabu yake huchukua miezi. Mwenye ugonjwa wa kisukari ana hatari zaidi, kwani kidonda chake huchelewa kupona. Na kubwa kuliko yote ni homa ya ini aina ya B, inayoambukizwa kwa damu. Virusi vyake huweza kubaki hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, hata pale ambapo damu haionekani kwa macho. Vyombo vya kukatia ndivyo vya kuhofiwa kwanza, lakini brashi iliyogusa ngozi inayotoka damu haina budi kuhesabiwa pamoja navyo. Hapa Kenya chanjo yake iliingizwa katika ratiba ya watoto wachanga mwaka 2001. Akina mama wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata, na ni vyema waiulizie hospitalini.

Mfano wa nje nao unatufunza. Mwaka 2000, katika jimbo la California nchini Marekani, wateja zaidi ya 100 wa saluni moja ya kucha walitokwa na majipu miguuni. Uchunguzi ulivikuta vijidudu katika mabeseni ya kuoshea miguu, nyuma ya vichujio vilivyokusanya nywele na maganda ya ngozi bila kusafishwa. Chombo kilikuwa kiking'aa kwa nje, na uchafu ulijificha ndani, mahali pasipofikiwa na kitambaa.

Kuhusu udhu, ambao wasomaji wetu huuliza mara kwa mara: mafuta yanayonywewa na ngozi hayafanyi tabaka, basi hayazuii maji kufika. Rangi ya kucha na jeli ni tabaka, na maji hayapenyi. Hina huacha rangi tu, mradi tope lake liwe limeoshwa. Yakizidi mafuta hata maji yakawa yanateleza juu ya ukucha, yafutwe kwanza.

Lililobaki ni ulimi. Mafundi wengi wa kucha ni mabinti wanaojitafutia riziki ya halali, na baadhi yao wanalea watoto na kuwatumia wazazi matumizi kwa kazi hiyo. Hawakukusudia kumdhuru mtu. Walifundishwa kuchovya, wakachovya. Kwa hiyo asiaibishwe mtu mbele ya wateja wake. Inatosha kusema kwa upole, "Dada, naomba unidondoshee, usinipake kwa brashi," au kutoa mkobani kichupa chako mwenyewe ulichotoka nacho nyumbani. Mama anayemtuma binti yake saluni kwa maandalizi ya harusi amfungashie kichupa hicho pamoja na hina. Akina mama wawili watatu wakiomba hivyo kila juma, fundi ataona faida ya kununua chupa za kudondoshea, na wateja wake wote watanufaika, Waislamu na wasio Waislamu. Na pale ambapo vyombo vyenyewe ni vichafu na nasaha imekataliwa, maafisa wa afya ya umma wa kaunti wapo, na ni wajibu wao kusikiliza.

Mwili ni amana, na mkono tunaounyoosha kwa fundi ndio tunaolishia watoto na tunaouinua katika dua. Twamuomba Mwenyezi Mungu atuhifadhie afya zetu na za mabinti zetu walio mbali nasi, na aibariki mikono inayofanya kazi kwa usafi.

Wabillahi tawfiq.