Maabara ya utitiri ni haki ya wachuuzi wa Ruvuma

Mchuuzi anayevusha nazi kati ya Palma na Mtwara hawezi kuuona utitiri wa nazi kwa macho. Kiumbe huyo, wa jamii moja na buibui, nge na kupe, ana urefu wa takribani robo ya milimita. Hujificha chini ya kofia ya kikonyo na kufyonza nazi changa hadi idumae au idondoke. Nazi iliyofuliwa haina tena maficho hayo. Lakini pasipo chombo cha kutofautisha, mkaguzi hubaki kukisia, na gharama ya makisio humwangukia mwenye mzigo.

Kutofautisha viumbe hawa ni kazi ya maabara za makumbusho. Vifaa vyake si vya ajabu: hadubini nzuri, vioo vya kuwekea utitiri mmoja mmoja, vichupa vya alkoholi, makabati makavu na friji la kutunzia vinasaba. Kilicho muhimu kuliko vyote ni mkusanyo wa vielelezo vyenye lebo za mahali na tarehe, ambao kiumbe aliyeokotwa leo hulinganishwa nao. Katika joto la pwani alkoholi hukauka upesi, na unyevu huleta ukungu. Bila umeme wa uhakika na mtunzaji, kazi ya miaka hupotea.

Faida yake ilishaonekana. Mwaka 1971 utitiri wa kijani wa muhogo, wenye asili ya Amerika Kusini, uligunduliwa Uganda, kisha ukaenea nchi nyingi za Afrika. Silaha kubwa dhidi yake ikawa utitiri mwingine, unaowinda wenzake, uliotoka Brazil na kuachiwa Benin mwaka 1993. Asiyejua kuwatenganisha wawili hao angemuua rafiki pamoja na adui.

Pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado iko mbali na huduma hiyo. Makumbusho ya Historia Asilia yako Maputo. Kwa mstari ulionyooka, Palma iko karibu zaidi na Nairobi. Na tangu Oktoba 2017, vita vimezidi kuifanya kazi ya watafiti huko kuwa ngumu.

Wapo watakaosema kwamba wakimbizi wanaorejea wanahitaji kwanza zahanati na shule. Ni kweli. Lakini wanaorejea huishi kwa shamba, minazi na biashara, na gharama ya chumba kimoja cha maabara ni ndogo mno mbele ya mradi wa gesi wa Afungi.

Tanzania na Msumbiji, zote wanachama wa SADC, zianze na chumba cha pamoja Mtwara, chenye vielelezo kutoka Maputo na Nairobi, na majibu yaandikwe kwa Kiswahili na Kireno. Jibu likitolewa ng'ambo moja ya mto, likubalike ng'ambo ya pili. Hapo ndipo mchuuzi atauona ujirani mwema katika mzigo wake.