Mkaa wa Kurasini, Moto wa Porini

Wiki iliyopita nilitembelewa nyumbani kwangu Kurasini na kijana niliyemfundisha miaka kadhaa iliyopita. Sasa ni askari wa uhifadhi katika mojawapo ya mapori ya kusini. Jina lake na la kituo chake nitayahifadhi kwa sababu zinazoeleweka. Alikuwa likizo. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya kuulizana habari za wazazi, nilimwona akilitazama gunia la mkaa lililosimama nyuma ya mlango wa jikoni. Akasema kwa upole, kama mtu anayechelea kumwudhi mkubwa wake: "Mwalimu, huu nadhani umetoka kwetu."

Sikuwa na jibu. Gunia lile, lenye lumbesa iliyofungwa kwa kamba na majani, nililinunua kando ya Barabara ya Kilwa. Sikumwuliza mchuuzi hati ya kusafirishia, wala yeye hakuona sababu ya kunionyesha. Tulipatana bei, kijana wa bodaboda akanifikishia nyumbani, biashara ikaisha.

Mgeni wangu alikuwa na makovu ya moto kwenye mikono yote miwili. Aliyapata msimu wa kiangazi uliopita, walipopambana kwa siku tatu na moto ulioanzia kwenye tanuri la mkaa lililoachwa bila mwangalizi. Walikuwa askari wachache na wanakijiji waliojitolea. Silaha yao kubwa ilikuwa matawi mabichi, mapanga na majembe. Maji waliyokuwa nayo yalikuwa ya kunywa, nayo yaliisha siku ya pili. Buti alizovaa alizinunua kwa fedha zake mwenyewe, na posho ya siku zile hadi anaondoka likizo ilikuwa haijalipwa. Alinieleza haya yote bila kulalamika, na utulivu wake ndio ulioninyima usingizi usiku ule.

Hoja yangu leo ni hii: tumemtuma askari wa uhifadhi akapambane porini na uhalifu ambao soko lake, fedha zake na wakubwa wake wako mjini, na tumemtuma akazime moto kwa mikono mitupu. Anaposhindwa tunamlaumu kwa uzembe. Anapogeuza hasira na bunduki yake kwa mwanakijiji, tunajifanya tumeshangaa.

Nianze na pembe za ndovu, kwa kuwa somo lake tumelilipia kwa gharama kubwa. Mwaka 2009 nchi yetu ilihesabiwa kuwa na tembo 109,051. Sensa ya 2014 ilikuta 43,330. Katika miaka mitano tulipoteza asilimia sitini ya tembo wetu, na sehemu kubwa ya msiba huo ilikuwa Selous na Ruaha. Wakati ule mjadala wa kitaifa ulikuwa juu ya askari: ni wachache, wanakula rushwa, hawana magari. Mengi katika hayo yalikuwa kweli. Lakini pembe hazitembei kwa miguu yake. Zinahitaji lori, ghala, nyaraka, kontena na meli. Novemba 2013 pembe 706 zilikamatwa katika nyumba moja, na nyumba hiyo haikuwa Liwale wala Tunduru. Ilikuwa Mikocheni, mtaa wa watu wenye kuta ndefu, hapa hapa Dar es Salaam. Aliyekuja kuitwa Malkia wa Pembe za Ndovu, Yang Fenglan, alikuwa mfanyabiashara anayefahamika mjini. Februari 2019 Mahakama ya Kisutu ilimhukumu miaka 15 jela kwa kuhusika na biashara ya vipande 860 vya pembe, kati ya mwaka 2000 na 2014. Agosti 2017, Wayne Lotter, mmoja wa waasisi wa taasisi ya PAMS iliyosaidia kuufichua mtandao wa majangili, aliuawa kwa risasi. Naye hakuuawa porini. Aliuawa katika barabara za jiji hili.

Sisi tunaoishi Kurasini tunaiona bandari kila siku. Tunazisikia honi za meli, tunapishana na malori ya makontena katika Barabara ya Mandela, tunavuta vumbi lake. Hatuwezi kuzungumza habari za ujangili kana kwamba ni mambo ya watu wa mbali wasiosoma.

Linganisha sasa na mizani ya haki. Mwaka 2023 mahakama mkoani Iringa ilimhukumu mwanamke mmoja kifungo cha miaka 22 kwa kukutwa na vipande 12 vya nyama ya swala. Mahakama Kuu baadaye ilimwachia huru, na ninaishukuru. Lakini hebu tuziweke hukumu hizo mbili pamoja, vipande 860 vya pembe kwa miaka 15 na vipande 12 vya nyama kwa miaka 22, kisha tujiulize mwanakijiji anayepakana na hifadhi anajifunza nini kuhusu sheria ya nchi yake. Anajifunza kwamba sheria ni wavu wa dagaa, na kwamba papa hupita chini yake. Mtu aliyejifunza hivyo hatampigia simu askari pale aonapo moto au mgeni mwenye bunduki. Atanyamaza. Na askari asiyepata habari kutoka kijijini ni kipofu, hata ukimpa ndege.

Sasa tuje kwenye mkaa, kwa sababu hapa hakuna Mchina wa kumsingizia. Utafiti wa Benki ya Dunia uliotolewa mwaka 2009 ulikadiria kwamba Tanzania ilitumia takriban tani milioni moja za mkaa kwa mwaka, na kwamba karibu nusu yake iliteketea katika majiko ya Dar es Salaam. Mkaa huo hushuka kutoka Rufiji, Kilwa, Mkuranga, Kisarawe na Morogoro. Unapita Mbagala na Mtoni mchana kweupe, na alfajiri unapita juu ya pikipiki zilizobeba magunia hadi dereva haonekani. Hufika Temeke ukapimwa kwa debe na kwa kopo. Sehemu ya mkaa huo ina vibali halali na imelipiwa ushuru. Sehemu nyingine haina, na hakuna mnunuzi anayejua tofauti, kwa kuwa katika jiko zote huwaka sawa.

Tanuri la mkaa lisiloangaliwa ni chanzo cha moto wa msitu. Si chanzo pekee: wapo wanaochoma mashamba, wafugaji wanaotaka majani mapya, warina asali wanaoacha vijinga, wawindaji wanaomtoa mnyama mafichoni. Wataalamu wetu wanajua vilevile kwamba moto si adui nyakati zote. Miombo imeishi na moto karne na karne, na hifadhi zetu huchoma kwa mpango mwanzoni mwa kiangazi, majani yakiwa bado na unyevu, ili Septemba na Oktoba pasiwe na kuni za kulisha moto mkubwa. Sheria ya Misitu ya 2002 nayo ina masharti yake kuhusu moto. Elimu ipo, sheria ipo. Kinachokosekana ni watu, vifaa na fedha zinazofika kwa wakati. Uchomaji wa mapema ambao fedha zake zimefika Agosti si uchomaji wa mapema tena.

Tulipata onyo hadharani. Oktoba 2020 Mlima Kilimanjaro uliwaka. Taarifa za awali za TANAPA zilieleza kuwa moto ulianzia eneo la Whona, huenda kwa wapagazi waliokuwa wakipasha chakula. Mamia ya watu walipanda kuuzima: askari, wanakijiji, na wanafunzi wa Chuo cha Mweka. Dunia nzima iliona picha za vijana wakipiga moto kwa matawi kwenye mlima unaotuingizia fedha za kigeni kuliko mlima mwingine wowote barani. Zaidi ya kilomita za mraba 95 ziliungua. Miaka miwili baadaye, Oktoba 2022, mlima uliwaka tena, safari hii upande wa Karanga. Nauliza kwa nia njema: ikiwa Kilimanjaro, wenye watalii na kamera, unazimwa kwa matawi, pori la Liwale lisilo na kamera linazimwa kwa nini?

Wapo watakaonijibu kwamba Serikali imekwisha kuchukua hatua, kwamba askari wa TANAPA, TAWA, TFS na Ngorongoro sasa wako chini ya Jeshi la Uhifadhi, wana vyeo, nidhamu na sare. Sipingi nidhamu. Ninachouliza ni iwapo tatizo tulilokuwa nalo lilikuwa upungufu wa gwaride. Moto haupigiwi saluti. Na cheo cha kijeshi kisichoambatana na bima, matibabu ya uhakika, posho inayolipwa na mtu wa kuzungumza naye baada ya kumzika mwenzako, ni mzigo mwingine juu ya bega la askari.

Wapo pia, na hasa wanaharakati wenzangu, watakaoniuliza kwa nini ninawatetea askari hawa. Hawajasahau Operesheni Tokomeza ya mwaka 2013, wala mimi sijasahau. Ilikusudiwa kuwakomesha majangili, ikaishia kwa wananchi kuteswa, mifugo kuuawa na watu kupoteza maisha, hata Bunge likasimama na mawaziri wanne wakaondoka madarakani. Hawajasahau Mbarali, ambako malalamiko ya wananchi wanaopakana na Hifadhi ya Ruaha yaliifanya Benki ya Dunia isimamishe malipo ya mradi wake Aprili 2024. Askari anayempiga mfugaji au kumpiga risasi mvuvi ashtakiwe kama mhalifu mwingine yeyote, na sare isimlinde.

Lakini tusikomee hapo. Mawaziri wale waliondoka, na mfumo ukabaki. Mtu unayemweka porini miezi mingi bila mapumziko, unayempima kwa idadi ya watu aliowakamata badala ya moto aliouzuia, unayemnyima vifaa na kumpa bunduki, umeyaandaa mazingira ya dhuluma kabla yeye hajaitenda. Kumtetea askari dhidi ya mfumo huo na kumtetea mwanakijiji dhidi ya askari ni kazi moja. Wote wawili ni watoto wa wakulima. Mara nyingi wametoka kijiji kimoja.

Hoja ya tatu ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu ni ya jirani zangu. Mama anayekaanga mihogo Mivinjeni ataniambia: Mwalimu, mtungi wa gesi unajazwa kwa fedha ambazo mimi sizioni kwa mara moja, mkaa naununua kopo kwa kopo. Ana haki. Mei 2024 Rais Samia alizindua Mkakati wa Kitaifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Kabla yake taasisi zinazolisha zaidi ya watu mia moja ziliagizwa kuacha kuni na mkaa. Ni malengo mema. Lakini lengo halichemshi maharage. Hadi gesi iweze kununuliwa kidogo kidogo kama mkaa, mama huyu ataendelea kununua mkaa, na kumkamata yeye kutakuwa marudio ya kisa cha nyama ya swala.

Nini kifanyike? Kwanza, upelelezi uhamie mjini. Kwa kila shauri la mtu aliyekamatwa porini na nyara za serikali au mazao ya misitu, mwendesha mashtaka atakiwe kueleza nani alikuwa anunue, na nani alimlipa. Pili, fungu la kuzuia moto litengwe peke yake katika bajeti na lifike vituoni kabla ya Mei. Na ndugu zangu watumishi wa Hazina wanaosoma hapa wanajua kwamba hilo linawezekana. Tatu, vikosi vya moto vya vijiji vipewe mafunzo, vifaa na ujira, kwa kuwa ndivyo vinavyofika kwanza. Nne, askari wapate buti, bima na mapumziko, na malalamiko dhidi yao yachunguzwe na chombo kisicho chao. Tano, mkaa halali utambulike hadi kwa mchuuzi wa mwisho, ili mnunuzi kama mimi asiwe na kisingizio cha kutojua.

Nanyi wanafunzi wangu, mnaopenda kuandika tasnifu juu ya migogoro ya mbali, panda daladala ya Mbagala alfajiri moja, ukae dirishani, uhesabu magunia. Utafiti wako utaanzia hapo.

Mgeni wangu aliaga jioni. Nilimsindikiza hadi kituoni Bendera Tatu. Njiani aliniambia kuwa mwezi ujao anarudi kazini, na kwamba majani huko yameanza kukauka. Nilirudi nyumbani nikalikuta gunia palepale. Bado tunalitumia, kulitupa kusingezima moto wowote. Lakini mchuuzi nimekwisha kumwuliza mkaa wake unatoka wapi. Alinitazama kwa muda, kisha akaniambia kwamba katika miaka yote aliyouza pale, mimi ni mteja wa kwanza kumwuliza.