Kielekezi Si Ngome

Wapo wenzetu vyuoni wanaoshikilia kwamba Kiswahili hakifai kufundishia utungaji wa programu za kompyuta. Ushahidi waupendao ni somo la vielekezi katika lugha ya C, ambalo wengi hulikariri kwa Kiingereza, wakafaulu mtihani, wasilielewe. Mimi naona dhana hiyo imezoeleka zamani katika Mji wa Kale, Mombasa.

Tuchukue Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593. Tangu 1895 hadi 1958 ilikuwa gereza. Baadaye ikafunguliwa kuwa makumbusho. Aliyemwandikia mgeni "shika Ndia Kuu (wala si Njia Kuu, Kimvita kina haki yake) hadi ngomeni" hakumpa ngome, alimpa mahali ilipo. Gereza lilipogeuka makumbusho, karatasi ile haikubadilika hata nukta, lakini aliyeifuata alikuta makumbusho. Hicho ndicho kielekezi: kinahifadhi anwani ya kitu katika kumbukumbu ya kompyuta, si kitu chenyewe. Aliyeipiga picha ngome mwaka wa 1950, kwa upande wake, ana nakala. Picha yake itabaki ya gereza, na hata akiichorachora, ukuta wa Wareno hautapata doa.

Katika Java na Python, orodha moja ikipewa majina mawili haizai orodha mbili. Barabara ya Kilindini ilikuja kuitwa Moi Avenue. Shimo likichimbwa katika moja, limechimbwa katika nyingine. Wanaoanza kujifunza hunaswa hapa mara nyingi. Hatari nyingine ni ya mgeni aliyeambiwa akate kona penye mwembe, ilhali mwembe ulikwishakatwa: programu ya C ikifuata anwani ya kitu kilichokwisha kuondolewa, husoma chochote kilichopo hapo, au huanguka.

Nasi wanaisimu tuna msamiati tayari. Katika "kiti kilichovunjika", -cho- si kiti, bali inakirejelea kiti. Tumeiita o-rejeshi miaka yote hii. Iweje basi mwenzetu wa kompyuta akose neno "rejeo"? Napendekeza chama chetu kiketi na wanafunzi wa kompyuta muhula huu huu, tuanze na maneno manne tu: thamani, anwani, kielekezi na rejeo, kabla kila idara haijajitungia yake.